Jinsi ya Kufuatilia Uchafu wa Mionzi Ardhini na Katika Maji ya Visima: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za maji za vijiji, walimu wa sayansi, wachimbaji wa visima na yeyote mwenye kisima Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema au visiwani Ukerewe, ambaye siku moja ataulizwa, au atajiuliza mwenyewe, kama kitu chenye mionzi kilichopo mahali fulani ardhini kinaweza kuyafikia maji anayokunywa, na kama kinaweza, kitachukua muda gani. Sehemu kubwa ya jibu hupatikana kwa kamba ya kupimia, jembe, kikokotoo cha simu na uvumilivu. Maabara huja baadaye, na huja na majibu ya maana ikiwa tu kazi ya awali imefanyika. Msomaji ashike tangu sasa kwamba umbali peke yake hausemi kitu. Kisima kilicho mita 50 kutoka kwenye chanzo kinaweza kubaki salama kwa maelfu ya miaka, na kilicho mita 300 kikafikiwa kabla ya mwaka kwisha, kutegemea ni atomu gani inayosafiri, inapita katika ardhi ya namna gani, na maji yanayoibeba yana kemia gani.

Anza na chanzo

Mionzi yenyewe haisafiri na maji. Kinachosafiri ni atomu zinazoitoa, nazo hufuata kanuni zile zile zinazofuatwa na chumvi, chokaa au kutu. Kwa hiyo swali la kwanza si "mionzi ni mikali kiasi gani?" bali "ni kitu gani, kiko katika umbo gani, na je, kinayeyuka?" Chanzo cha kobalti-60 kilichomo ndani ya mashine ya kutibu saratani ni kikali mno, lakini ni metali iliyofungwa ndani ya kasha la chuma, na maadamu kasha halijapasuliwa hakihusiani na maji ya ardhini. Ajali ya Goiânia, Brazil, mwaka 1987 ilikuwa mbaya si kwa sababu ya ukali peke yake, bali kwa sababu sesiamu iliyotolewa kwenye mashine ya tiba iliyotelekezwa ilikuwa chumvi ya unga inayoyeyuka kwa urahisi. Iliposhikwa kwa mikono na kusambaa uani, mvua na upepo vilimalizia kazi, na udongo wa juu wa viwanja kadhaa ulilazimika kuchimbwa na kuondolewa.

Mwanza haina kinu cha nyuklia, na machimbo ya urani yanayozungumzwa nchini yako mbali, Namtumbo mkoani Ruvuma na Manyoni mkoani Singida. Chanzo kikubwa cha hapa kwetu ni mawe yenyewe. Majabali ya matale yaliyotapakaa kuanzia Capri Point, ambako Jiwe la Bismarck limesimama majini, hadi vilima vya Ilemela, ni miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na miamba ya jamii hiyo kwa kawaida hubeba urani ya miligramu tatu hadi tano katika kila kilo, pamoja na toriamu na potasiamu. Jabali zima halimdhuru mnywa maji. Likioza na kuwa changarawe, na maji yenye oksijeni yakapita humo kwa karne nyingi, urani hung'oka kidogo kidogo na kuingia kisimani, huku radiamu na gesi ya radoni, ambazo ni vizazi vyake, zikitokea njiani.

Vyanzo vingine huongezwa na binadamu. Marudio yanayobaki kwenye mialo ya dhahabu, upande wa Geita na Misungwi, ni mawe yaliyosagwa kwenye karasha hadi kuwa unga, na unga una eneo kubwa la kugusana na maji kuliko jiwe zima, kwa hiyo chochote kilichokuwemo hutoka haraka zaidi. (Ni haki kusema hapa kwamba kwenye mialo hiyo mimi ningehofia zebaki na aseniki kabla ya kuhofia urani, aliye na fedha ya kipimo kimoja tu aanze na hizo.) Mbolea ya fosfati ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, nayo hutajwa mara kwa mara, kwa kuwa mwamba wake una radiamu-226 ya bekereli elfu kadhaa kwa kilo (bekereli moja ni atomu moja inayobadilika na kutoa mionzi kila sekunde). Hesabu husaidia kuituliza hofu hiyo. Mkulima akimwaga kilo 200 za fosfati yenye bekereli 5,000 kwa kilo kwenye hekta moja, ameongeza bekereli milioni moja. Udongo wa sentimita 20 za juu wa hekta hiyo una uzito wa kilo milioni 2.6 hivi, na kwa wastani wa dunia wa bekereli 35 kwa kilo, tayari ulikuwa na bekereli milioni 91. Nyongeza ni kama asilimia moja, na radiamu hiyo hung'ang'ania udongo. Kuna pia sesiamu-137 iliyodondoka duniani kote kutokana na majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo vifaa vya kisasa bado huiona katika udongo usiolimwa.

Daftari la ufuatiliaji lianze na ukurasa mmoja kwa kila chanzo: ni kitu gani, kiasi gani kwa makisio, kiko juu ya ardhi au kimefukiwa, kimekuwepo tangu lini, na nusu-maisha yake ni muda gani, yaani muda unaopita hadi nusu ya atomu zake ziwe zimekwisha kubadilika. Tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) ni miaka 12.3, strontiamu-90 ni miaka 29 hivi, sesiamu-137 ni miaka 30, radiamu-226 ni miaka 1,600, plutoniamu-239 ni miaka 24,100, na urani-238 ni miaka bilioni 4.5, ambayo kwa hesabu za kisima ni sawa na milele. Radoni-222 ni siku 3.8 tu, na ufupi huo utaamua namna ya kuchota sampuli yake.

Isome ardhi kwa majina yake

Wakulima wa Usukumani wamekwisha kuipanga ardhi yao kwa majina, na mpangilio huo unafaa kwa kazi hii kuliko ramani nyingi. Juu, chini ya majabali, kuna luseni, mchanga mwepesi uliotokana na matale. Ukishuka mteremko unakutana na ibambasi, udongo mgumu wenye magadi ambao maji ya mvua hutuama juu yake. Mahali pengine kuna ibushi, udongo wenye chokaa. Na bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mtaalamu wa udongo G. Milne, aliyefanya kazi Afrika Mashariki miaka ya 1930, aliuita mfululizo wa namna hii katena, na jina hilo linatumika hadi leo katika sayansi ya udongo duniani.

Chimba shimo la kina cha mita moja na nusu katika kila aina ya udongo kati ya chanzo na kisima. Lowesha bonge dogo na ulivingirishe kati ya viganja: luseni husambaratika kabla haijawa uzi, mbuga hutoa uzi mwembamba unaopindika bila kukatika, na uzi huo ni habari njema, kwa maana mfinyanzi ndio unaoshika sesiamu, strontiamu na radiamu. Kisha tazama ukuta wa shimo. Rangi nyekundu au ya kahawia inayofanana kote huonyesha kwamba oksijeni inafika na kwamba kuna madini ya chuma ya kutu, ambayo nayo hushika urani kwa kiasi. Madoa ya kutu juu ya usuli wa kijivu huonyesha mahali maji ya ardhini yanapopanda na kushuka kwa msimu. Udongo wa kijivu cha bluu wenye harufu ya yai viza hauna oksijeni kabisa. Andika kina cha kila badiliko, utakihitaji.

Mbuga ina hila moja. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza fimbo nzima, na mvua za kwanza za vuli hupita moja kwa moja kwenye nyufa hizo bila kuugusa mfinyanzi. Baada ya muda udongo huvimba na kuziba, na tangu hapo maji hupita kwa shida. Kwa hiyo udongo unaolinda vizuri kuliko wote unaweza kuwa mlango wazi katika wiki za mwanzo wa mvua.

Chini ya udongo uko mwamba, na hapa ndipo visima virefu vingi vya Mwanza vinapopata maji yake, ndani ya nyufa za matale na tabaka la juu lililooza. Taarifa ya uchimbaji wa kisima, ambayo mchimbaji anapaswa kuikabidhi, huonyesha kina ambacho udongo uliisha, kina ambacho mwamba uliooza uliisha, na vina ambavyo maji yaligongwa. Kama imepotea, ulizia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Mwanza, kwa kuwa ndiyo inayosimamia rasilimali za maji za bonde zima.

Tafuta mwelekeo wa maji

Watu wengi hudhani maji ya ardhini hufuata mteremko unaoonekana. Mara nyingi ni kweli, lakini katika ardhi ya majabali si jambo la kuliweka dhamana. Unahitaji visima vitatu visivyo katika mstari mmoja. Asubuhi na mapema, kabla pampu haijawashwa, shusha kamba ya kupimia yenye kipande cha bomba la chuma mwishoni, kilicho wazi upande wa chini. Kikigusa maji kitatoa mlio mfupi unaosikika vizuri kama kijiji bado kimetulia. Soma kina kutoka mdomo wa kisima. Halafu mwombe fundi mwenye leveli akupimie kimo cha midomo yote mitatu kutoka alama moja. Mpira wa maji wanaotumia mafundi wa msingi wa nyumba unafaa kwa umbali mfupi, lakini kwa mamia ya mita makosa hujilimbikiza, na tofauti unayoitafuta ni ya mita moja au mbili tu.

Toa kina kwenye kimo upate usawa wa maji. Tuchukue mfano wa kubuni wa kijiji cha mwambao: kisima cha kwanza kina maji kwenye mita 12 juu ya alama, cha pili mita 11, cha tatu mita 9, na kati ya cha kwanza na cha tatu kuna mita 330. Chora visima kwa kipimo kwenye karatasi ya miraba. Kwenye mstari wa kutoka cha kwanza hadi cha tatu, usawa wa mita 11 unaangukia theluthi moja ya njia, mita 110 kutoka cha kwanza. Unganisha nukta hiyo na kisima cha pili: huo ni mstari wa usawa mmoja, na maji huukata kwa pembe mraba kuelekea kisima cha tatu. Pima kwenye karatasi umbali wa pembe mraba kutoka mstari huo hadi kisima cha tatu. Tuseme ni mita 200. Maji yameshuka mita 2 kwa mita 200, na mteremko wa maji ni 0.01.

Rudia kipimo mwishoni mwa kiangazi na tena baada ya masika, kwa sababu mwelekeo hubadilika. Kisima kilicho karibu na ziwa kikivutwa kwa nguvu mchana kutwa kinaweza kuyageuza maji yaliyokuwa yakielekea ziwani, na kuanza kuvuta maji ya ziwa yenyewe.

Piga hesabu ya muda

Safari ina hatua mbili. Ya kwanza ni ya wima, kutoka juu ya ardhi hadi kwenye maji. Mwanza hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, lakini nyingi hurudi angani kupitia majani au hukimbilia mitoni. Tuseme milimita 50 hupita chini ya mizizi, na udongo una unyevu wa asilimia 15 ya ujazo wake: gawanya 0.05 kwa 0.15, upate theluthi ya mita kwa mwaka, kwa hiyo mita 6 za udongo zitachukua miaka 18.

Hatua ya pili ni ya ulalo. Kasi ya maji ni upitishaji wa ardhi (yaani wepesi wake wa kupitisha maji) mara mteremko, gawanya kwa sehemu ya ujazo ambayo ni uwazi unaopitisha maji. Kwa luseni, chukua upitishaji wa mita 1 kwa siku na uwazi wa 0.2. Kwa mteremko wa 0.01 kasi ni mita 0.05 kwa siku, yaani mita 18 hivi kwa mwaka, na mita 300 zitachukua miaka 16. Sasa chukua mwamba wenye nyufa chache: upitishaji wake ni mdogo mara kumi, mita 0.1 kwa siku, na kwa hiyo mtu angetegemea maji yakawie zaidi. Lakini uwazi wake ni 0.001 tu, na kasi inakuwa mita 1 kwa siku. Mita zile zile 300 zinaisha kwa siku 300. Kiasi cha maji kinachopita ni kidogo, ila kila tone linakwenda mbio, kwa sababu limebanwa kwenye njia nyembamba. Huu ndio upande wa ardhi ya Mwanza unaosahauliwa zaidi, na ndio maana nisingeruhusu choo, dampo au marudio juu ya mwamba mtupu hata kama kisima kiko mbali.

Hadi hapo tumehesabu maji. Atomu nyingi hukawia nyuma yake, kwa kuwa hushika udongo, huachia, hushika tena. Ukawiaji huo hupimwa kwa kigawo cha mgawanyo: lita ngapi za maji zinabeba kiasi kinacholingana na kile kilichoshikwa na kilo moja ya udongo. Zidisha kigawo hicho kwa uzito wa udongo mkavu, kilo 1.6 kwa lita, gawanya kwa uwazi wa 0.2, ongeza moja. Jibu ni mara ngapi atomu inakwenda polepole kuliko maji. Tritiamu ni sehemu ya maji yenyewe, kigawo chake ni sifuri, na itafika kwa miaka 16 ikiwa imebaki asilimia 40 hivi. Strontiamu yenye kigawo cha 20 hukawia mara 161, hivyo ingehitaji miaka 2,600, na ndani ya muda huo nusu-maisha yake imepita karibu mara tisini, haitafika kitu. Sesiamu yenye kigawo cha 500 ingehitaji zaidi ya miaka 65,000. Urani katika maji yenye oksijeni na chokaa inaweza kuwa na kigawo cha 2 tu: hukawia mara 17, inafika baada ya miaka 280, na ikifika inafika nzima, kwa kuwa haina haraka ya kuoza.

Vigawo hivi ni makisio ya kazi, na vinaweza kutofautiana mara mia kati ya udongo na udongo. Piga hesabu mara tatu: kwa namba ya wastani, kwa kigawo kidogo zaidi unachoweza kukiamini, na kwa upitishaji mkubwa mara kumi. Kama majibu yote matatu ni ya maelfu ya miaka, lala usingizi. Kama hata moja ni la miaka kumi, chota sampuli. Ndani ya nyufa za mwamba usitegemee ukawiaji mkubwa, kwa sababu maji hugusana na jiwe kidogo sana, na wakati mwingine atomu husafiri juu ya chembe ndogo mno za udongo zinazoelea. Huko Nevada, Marekani, mwaka 1999 wanasayansi walitangaza kwamba plutoniamu, inayosifika kwa kung'ang'ania udongo, ilikutwa mita 1,300 kutoka lilipolipuliwa bomu chini ya ardhi, ikiwa imebebwa na chembe za namna hiyo.

Kemia ndiyo inayoamua

Urani ina sura mbili. Palipo na oksijeni huyeyuka, na ikikutana na bikaboneti, ambayo maji huipata kwenye chokaa, hujifunga nayo na kuwa kitu kisichoshika udongo. Kwa hiyo ardhi ya ibushi, ambayo ni nzuri kwa pamba, ni njia rahisi kwa urani. Pasipo na oksijeni hubadilika ikawa punje ngumu na kubaki pale pale. Vichaka vya mafunjo kwenye ghuba na midomo ya mito vina tope jeusi lisilo na hewa, na tope la namna hiyo huikamata urani kabla haijafika ziwani. Anayefyeka mafunjo na kukausha bwawa ili alime mboga anaingiza hewa kwenye tope hilo, na kilichokuwa kimefungwa kinaweza kufunguka.

Ushahidi mkubwa wa uwezo wa ardhi kushika vitu uko Afrika. Oklo, nchini Gabon, mashapo ya urani yalijiwasha yenyewe yakafanya kazi kama kinu cha nyuklia takriban miaka bilioni mbili iliyopita, jambo lililogunduliwa mwaka 1972, na plutoniamu iliyozalishwa pale ilibaki karibu mahali ilipozaliwa hadi ikaoza. Ushahidi wa kinyume uko Hanford, jimbo la Washington, Marekani, ambako matangi ya taka za nyuklia yalivuja: sesiamu ilishuka chini kuliko ilivyotarajiwa kwa kuwa taka zenyewe zilijaa chumvi ya sodiamu, na sodiamu ilizichukua nafasi ambazo sesiamu ingezishika kwenye udongo. Radiamu nayo huachia udongo katika maji ya chumvi. Kwa hiyo kisima chenye maji ya magadi, ladha ambayo wakazi wa maeneo ya ibambasi wanaijua, kinastahili kupimwa radiamu hata kama hakuna mgodi karibu.

Namna ya kuchota sampuli

Maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima si maji ya ardhini. Vuta maji hadi ujazo wa bomba utoke mara tatu, au hadi kipimo cha upitishaji umeme kiache kubadilika, ndipo uchote. Pale pale kisimani pima joto, uchachu (pH, ambayo hushuka asidi ikizidi) na upitishaji umeme, kwa sababu namba hizo hubadilika ndani ya gari. Kwa urani na radiamu tumia chupa safi ya plastiki, chuja maji kwa kichujio cha mikromita 0.45 ikiwa unataka kujua kilichoyeyuka tu, kisha maabara ikupe asidi ya nitriki safi ya kuongeza hadi pH ishuke chini ya 2, vinginevyo sehemu ya unachokitafuta itagandamana na kuta za chupa. Kwa tritiamu usiongeze asidi.

Radoni inataka utaratibu wake. Weka ndoo chini ya bomba, zamisha mpira hadi sakafu ya ndoo, acha maji yafurike taratibu bila mapovu, kisha zamisha chupa ya kioo ndani ya ndoo, ijaze na uifunge ikiwa bado chini ya maji. Igeuze uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona hata kiputo kimoja, mwaga urudie, kwa sababu radoni itakuwa imekimbilia ndani ya kiputo hicho. Andika siku, saa na dakika, kwani baada ya siku 3.8 nusu yake haipo, na maabara lazima irudishe hesabu nyuma hadi wakati wa kuchota.

Usiridhike na mtu anayepitisha kipima mionzi cha mkononi juu ya ndoo na kutangaza kwamba maji ni salama. Urani na radiamu hutoa hasa chembe za alfa, ambazo haziwezi kupenya hata filamu nyembamba ya maji, sembuse ukuta wa ndoo. Kipimo cha kweli hufanyika baada ya kukausha maji au kutenganisha madini yake maabara. Nchini chombo chenye mamlaka hayo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 na yenye maabara Arusha. Wasiliana nayo kabla ya kuchota, kwa maana kila maabara ina masharti yake ya chupa na kiasi.

Kuyasoma majibu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchujo wa awali wa bekereli 0.5 kwa lita kwa jumla ya alfa na bekereli 1 kwa lita kwa jumla ya beta, aina nyingine ya mionzi. Kuvuka namba hizo hakumaanishi kwamba maji ni sumu, kunamaanisha kwamba vitu vipimwe kimoja kimoja. Beta iliyozidi mara nyingi ni potasiamu tu, ambayo gramu moja yake hutoa bekereli 28 hivi. Omba kipimo cha potasiamu, uitoe, ndipo utazame kilichobaki. Kwa radiamu-226 mwongozo ni bekereli 1 kwa lita, kwa radiamu-228 ni 0.1. Kwa urani ni mikrogramu 30 kwa lita, na kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya figo, kwa kuwa urani hudhuru kama metali nzito kabla mionzi yake haijawa tatizo.

Ukikuta urani imezidi, kuchemsha maji hakusaidii. Maji hupungua, urani inabaki, na chai inakuwa na urani zaidi. Klorini nayo haina kazi hapa. Mitambo ya kuchuja kwa utando wa shinikizo au resini hufanya kazi, lakini kwa kijiji kilicho karibu na bomba la maji ya ziwa, kubadili chanzo cha maji ya kunywa na kukiacha kisima kwa kufulia na mifugo ni nafuu zaidi. Radoni ni rahisi: acha maji yaanguke kwa mchirizi ndani ya tangi lenye matundu ya hewa, nje ya nyumba, yakae kabla ya kutumika. Maji yenye chuma yakipigwa hewa hutua tope jekundu chini ya tangi, na tope hilo hukusanya radiamu. Lisiondolewe na kumwagwa kwenye bustani ya mchicha.

Kisima kilichoachwa

Hesabu zote hapo juu zinachukulia kwamba maji hayana njia ya mkato. Kisima kilichokauka, au kile ambacho mchimbaji alikosa maji akaondoka, ni bomba la wima linalounganisha uso wa ardhi na nyufa za mwamba bila udongo kati yake, na nimeona mashimo ya namna hiyo yakitumika kutupia betri chakavu, majivu na taka za dukani. Shimo la hivyo likiwa upande wa juu wa kisima kinachotumika, miaka 18 ya safari ya wima inakuwa dakika. Lijazwe mchanga safi sehemu ya nyufa, kisha mfinyanzi uliolowa na kushindiliwa, na mita tatu za mwisho zege ya saruji, likifunikwa kwa bamba pana linalomwaga maji pembeni. Mdomo wa kisima kinachotumika nao uzungushiwe saruji nje ya bomba, si ndani tu, kwa sababu maji ya mvua hupenda kuteremka kati ya bomba na ukuta wa shimo. Kazi hiyo ifanyike kiangazi, mbuga ikiwa kavu na gari la kokoto likiweza kufika.